Kabini ya Msafiri wa Dhahabu

Mimi sina ugomvi na zawadi. Kampuni ya meli ikitaka kuwapa abiria wake kadi, kofia, keki na ngoma, iwape, mali ni yake. Ugomvi wangu ni na zawadi anayopewa asiyestahili mbele ya macho ya anayestahili, halafu huyo anayestahili anaambiwa asimame apige vigelegele. Jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo. Na kwa kuwa hapa Bujumbura maneno yanakimbia kuliko pikipiki, na tayari wapo wanaosema Zubeda ni yule mama mkorofi aliyeharibu sherehe ya watu, nimeona nimweleze mwenyewe, mimi Raihana niliyelala naye mkeka mmoja miaka yote hii.

Zubeda ni mtu wa Buyenzi, kama mimi. Mtaani wanamwita Mama Adil, kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini sisi tunaosafiri naye tunamwita dada Zubeda, hata wale wanaomzidi umri. Ni mrefu, ana mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni, na sauti yake hufika mbali kuliko anavyokusudia. Akikusalimia kutoka upande wa pili wa barabara utadhani anakugombeza. Ana kibanda katika soko la Cibitoke, anauza kanga, ndala na vyombo vya plastiki, na vyote hivyo huvifuata Kigoma kwa njia ya ziwa. Akienda hubeba mawese, akirudi hubeba hivyo. Alianza akiwa binti, akimsaidia shangazi yake, enzi za maboti ya mizigo ambayo abiria alikaa juu ya magunia ya saruji na kushuka akiwa mweupe mpaka kope. Amesafiri na homa. Amesafiri na mimba kubwa. Amesafiri siku ambazo watu wote wenye akili timamu walibaki nyumbani, kwa sababu wateja wa Idi hawasubiri.

Meli ya Lulu ilipokuja, nyeupe, yenye viti, choo na paa, Zubeda alikuwa wa kwanza kati yetu kuipanda. Tukamfuata. Viti vyake hatukuvitaka, vinavunja mgongo. Tulitandika mkeka kwenye sitaha ya nyuma, karibu na bomba la injini ambapo chuma kina joto. Mkeka ule una sheria zake, na mwenye sheria ni Zubeda. Mama anayenyonyesha analala katikati. Mwenye baridi yabisi analala upande wa bomba. Mwenye msiba haulizwi kitu, anapewa chai. Anayesengenya analala ukingoni apigwe na upepo, na mimi nimelala huko mara nyingi.

Kuna safari moja ambayo kila mtu bandarini anaijua. Tulikuwa tunarudi, tumeshapita Nyanza-Lac, ziwa likachafuka, na msichana mmoja wa Kanyosha akashikwa na uchungu wa kuzaa. Kabini ya wagonjwa ilikuwa na mzee aliyetoka kupasuliwa, hatukuweza kumtoa. Meli inalala huku, inalala kule, ndoo zinakimbia zenyewe. Zubeda alimpakata yule msichana katikati ya magoti yake, akavua kitenge chake, akajifunga nacho kwenye nguzo ya chuma, wao wawili pamoja, wasibiringike. Mtoto akazaliwa hivyo hivyo, kabla ya Rumonge. Mgongo wa Zubeda ulikaa na alama ya ile nguzo muda mrefu.

Sasa Massoudi. Massoudi ni komisyoneri, mmoja wa wale vijana, ingawa ujana umeshampita, wanaoshinda kwenye geti la bandari wakifanya shughuli za watu. Kununua tiketi ya Lulu ni mateso: unapanga foleni, unaonyesha kitambulisho, unaandikisha namba ya simu, mashine imekwama, rudi kesho. Na sisi tuna madumu ya mawese ya kufunga. Kwa hiyo tulifanya kama wafanyabiashara wote wa Buyenzi wanavyofanya, tulimwachia Massoudi. Yeye alipanga foleni, akatoa kitambulisho chake na namba yake, akanunua tiketi za mkeka mzima kwa jina lake. "Massoudi na watu wake," ndivyo mkaguzi alivyotuita tukipanda, na sisi tulicheka tukapita. Nani angejali jina lililo kwenye tiketi? Tiketi ni ya kupandia, ukishapanda kazi yake imekwisha. Massoudi mwenyewe alibaki gatini akitupungia mkono. Hajawahi kusafiri na meli hata moja. Maji yakimfika magotini anasoma shahada. Hata ukisahau kifurushi chako na wewe umeshapanda, hakuletei, anakurushia.

Halafu kampuni ikaleta mambo ya klabu. Mabango yakabandikwa bandari nzima, yana picha ya mume na mke wanakunywa juisi kwenye meli ambayo siyo Lulu. Kila safari ina alama zake, alama zikijaa unakuwa Msafiri wa Shaba, kisha wa Fedha, kisha wa Dhahabu. Wa Shaba anapewa kofia. Wa Fedha hapangi foleni, na akipanda anapewa soda. Wa Dhahabu ni mmoja tu kwa mwaka: anaandaliwa sherehe ndani ya meli, anakula na wakubwa, na anapewa kabini.

Hapo kwenye kabini ndipo penye moto. Lulu ina kabini mbili. Moja ni ya nahodha, ina usukani na kiti tu. Ya pili zamani haikuwa ya tajiri wala ya mkubwa. Alipewa mgonjwa, au mzee, au mzazi, kwa kuelewana tu na nahodha. Kampuni ikaipaka rangi, ikaweka kitanda kipana, pazia na kioo, ikabadilisha kufuli, ikasema hii sasa ni ya Msafiri wa Dhahabu peke yake, mwaka mzima, awepo asiwepo. Waliwanyang'anya wagonjwa chumba chao wakakiita zawadi. Na hakuna mtu ofisini mwao aliyeona aibu.

Mama yake Zubeda, Bi Miza, alikuwa Ujiji. Alihamia kwa kaka yake miaka ya vita, akazoea, akabaki. Mwaka huu kaka yake akafariki, na kabla ya arobaini kwisha watoto wa marehemu walishaanza kutembeza wanunuzi ndani ya nyumba. Bi Miza mwenyewe kiharusi kilishamchukua upande wa kulia. Hawezi kukaa, ukimkalisha anaanguka. Kumleta kwa barabara haiwezekani: basi halichukui mtu wa kulala, njia ya mpakani ni mashimo matupu, na huku kwetu mafuta ya gari unayapangia foleni mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Zubeda alitaka jambo moja tu. Mama yake aje Buyenzi, kwenye chumba alichokwisha kumsafishia, na njiani alale kitandani kama mtu.

Alipokwenda ofisi ya kampuni kuulizia kabini alipokelewa na Lisette, binti mpole wa Kinanira anayeshughulikia wateja. Lisette akamwambia kabini haitolewi tena kwa mgonjwa, ni ya Msafiri wa Dhahabu, na jina lake litatangazwa wiki ijayo. Zubeda akarudi anacheka. Wallahi, anacheka!

"Raihana, banatafuta mutu mwenye amesafiri sana," akaniambia. "Ni nani mwenye amenipita? We unamujua?"

"Mi simujue, dada."

"Basi cabine ni yangu. Mungu iko anapanga."

Jioni ile akampigia mama yake simu, na avenue nzima ikasikia: "Mama, utakuja umelala! Kitanda ya bakubwa, na pazia!" Tukapika pilau. Naona haya hata kusema jinsi tulivyofurahi.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa getini. Msafiri wa Dhahabu: Bwana Massoudi. Na picha yake, ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka vinyweleo vya pua vinaonekana.

Hatukuhitaji kuelezwa. Safari zetu zote, baridi yetu yote, matapishi yetu yote, vilikuwa vimeingia kwenye jina la mtu aliyebaki gatini. Mashine haijui nani alilala kwenye mkeka, inajua nani alitoa kitambulisho. Lakini watu wa kampuni wana macho. Mkaguzi anatujua kwa sura, nahodha anatujua kwa majina ya watoto wetu, wapagazi wanajua nani hula nini. Hata mmoja hakufungua kinywa kusema huyu siye.

Zubeda alimkuta Massoudi kwenye geti. Massoudi alipomwona alitaka kujificha nyuma ya lori.

"Massoudi, we ulisafiri lini?"

"Mama Adil, hata mi nilishangaa. Banapiga simu, banasema félicitations, hongera. Mi nilifikiri ni bale bezi ba simu."

"Na we ukasema nini?"

"Nikasema merci."

Kidogo nimcheke, kidogo nimpige. Zubeda alikuwa ameshakwenda kwa Lisette na kuelezwa kwamba kadi haijatolewa bado, na kwamba jina linaweza kubadilishwa ikiwa mwenye jina mwenyewe atasema hivyo mbele ya mkurugenzi. Mkurugenzi haonekani ovyo ovyo, ila kwenye sherehe atakuwepo. Akamweleza Massoudi hayo yote, taratibu, neno kwa neno.

"Siku ya fête nitashika micro," Massoudi akaapa. "Nitasema, bateau mi sijapanda, mwenye anapandaka ni uyu mama. Haki ya Mungu."

"Ni ile moja tu nakuomba," Zubeda akamwambia. "Soda, keki, nini na nini, kula we. Mi niachie kitanda."

Kabla ya sherehe Lisette alikuja Buyenzi na robota la vitenge vyenye picha ya meli. Tukadhani ni zawadi. Kumbe ni sare. Kampuni ilitaka kina mama wa kuimba na kupiga vigelegele Msafiri wa Dhahabu atakapokabidhiwa ufunguo, "juu nyinyi bamama ba Buyenzi munajua kufurahisha batu," akasema, kwa moyo mweupe kabisa. Nilitaka kumtupia kitenge chake usoni. Zubeda akanikanyaga mguu. "Tutakuja," akajibu. Alitaka awepo Massoudi atakaposhika kipaza sauti, basi.

Sherehe ilikuwa Jumapili alasiri, Lulu ikiwa imefungwa gatini kwa kamba kila upande, haitikisiki, ndiyo maana hata Massoudi alithubutu kuipanda. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe. Wasichana wa protokoli, wenye mishipi ya rangi begani, walikuwa wanapanga watu: wewe mbele, wewe katikati, na nyinyi kina mama kule nyuma. Kule nyuma ni pale pale pa mkeka wetu, ila siku hiyo pamewekwa majiko na mapipa ya maji machafu. Tukasimama hapo na sare zetu. Massoudi alikuwa mbele, suti ya kuazima, anaitwa "Monsieur Massoudi" na watu ambao juzi tu walimfukuza kwenye kivuli cha ofisi yao. Mishikaki ya mbuzi ikapita. Tukauliza mbuzi kachinjwa na nani. Hakuna anayejua, mpishi anasema yeye kanunua nyama imeshakatwa. Nusu ya abiria wao ni Waislamu, na katika maandalizi yote yale hakuna aliyekumbuka kuuliza swali hilo. Tukala ndizi.

Hotuba zikaanza, na kwetu hotuba zikianza hakuna anayegusa chupa mpaka ziishe. Mkurugenzi, mheshimiwa Claude, akazungumza juu ya uaminifu. Akasema abiria mwaminifu ni mboni ya jicho la kampuni. Akasema bwana huyu amesafiri na Lulu kuliko binadamu yeyote, mvua na jua, na hajalalamika hata mara moja. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nani atalalamikia safari ambayo hakuisafiri? Kisha akampa Massoudi kipaza sauti.

Zubeda alinishika mkono.

Massoudi alisimama, akakohoa. Akatutazama huku nyuma, naapa alitutazama, akafungua kinywa, na kama angetamka sentensi moja tu mambo yote yangekwisha pale. Lakini watu wakampigia makofi kabla hajasema kitu. Makofi marefu. Nikamwona yanamwingia. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpigia makofi mtu yule, na sura yake ilibadilika nikiitazama.

"Safari, bandugu, ni kintu nguvu," akaanza. "Kuna siku moja tulikuwa tumeshapita Nyanza-Lac, ziwa ikakasirika."

Akasimulia yote. Ndoo, msichana wa Kanyosha, uchungu, nguzo ya chuma. Sisi wenyewe ndio tuliomsimulia, pale gatini, tukinywa naye chai. Ila kwenye hadithi yake aliyejifunga kwenye nguzo ni Massoudi, na kitenge kimekuwa shati lake. Mwanamume kampakata mwanamke anayejifungua! Hata uongo una mipaka. Wageni walimeza kila neno. Mke wa mkubwa mmoja akafuta macho kwa leso. Mkurugenzi akamvika kadi yenye picha yake shingoni, akamkabidhi ufunguo uliofungwa utepe, na msichana wa protokoli akatugeukia akainua mikono yote miwili: sasa!

Tukamtazama Zubeda. Zubeda kafunga kinywa. Na sisi tukafunga.

Yule msichana akainua mikono tena, akatuomba kwa macho. Sherehe yetu ikikosa vigelegele ni matanga, na kila aliyekaa pale analijua hilo. Ndipo Zubeda akasema, na sauti yake nimeshawaeleza:

"Massoudi. Sema ile uliniahidi."

Massoudi akautia ufunguo mfukoni.

"Sema tu ile. Ingine sikuulizi. Mama yangu iko Ujiji, anangojea."

Mkurugenzi akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuyapoza mambo. "Ah, bamama! Na yeye anataka cadeau! Muletee mama zawadi yake!" Watu wakacheka, wakashukuru kupata pa kucheka. Lisette, uso umemshuka, akaja na kofia ya Lulu, ile ya Shaba, akataka kumvisha.

Zubeda akaipokea, akaiweka juu ya pipa la maji machafu. "Mi sikuomba kofia," akasema. "Mi naomba kitanda."

Vijana wawili wa ulinzi wakaja kwa adabu zote, pardon mama, pardon mama, wakamteremsha. Tukateremka wote nyuma yake. Muziki ulifunguliwa kabla hatujafika gatini. Huko ndiko kuharibu sherehe mnakokusikia mjini.

Kesho yake Massoudi alikuja Buyenzi, akasimama nje ya mlango wa Zubeda bila kuthubutu kubisha, mpaka mtu akamwona. "Mama Adil, unisamehe," akasema. "Ile micro, sijue ni nini iliniingia." Zubeda hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza. Alimwuliza kama atarudi kwa mkurugenzi. Massoudi akasema hawezi, mji mzima utamcheka, na pale getini hatakanyaga tena. Lakini alikuwa na njia nyingine. Sheria za klabu zinamruhusu Msafiri wa Dhahabu kuingiza wageni wake kabini, mradi yeye mwenyewe yumo melini na kadi yake. Basi atapanda. Atakwenda mpaka Kigoma na kurudi. Bi Miza na bintiye watalala ndani, yeye atakaa nje kwenye kiti.

"We? Ku maji?" Zubeda akamwuliza.

"Mi. Nitafunga macho."

Hapo nilimheshimu kidogo, na ndiyo maana kilichofuata kiliniuma zaidi. Zubeda alimpigia mama yake palepale, akamwambia Massoudi anakuja na sisi, kabini ni yake, utalala ndani. Bi Miza akamwombea Massoudi dua ndefu kwenye simu, na Massoudi mwenyewe akawa anaitikia amina.

Siku ya safari alikuja na begi, kadi shingoni. Alifika mpaka kwenye ngazi ya meli, akaweka mguu mmoja. Meli ikatikisika kidogo, kama meli zote zinavyotikisika. Akautoa mguu. Akauweka tena. Nyuma yake watu wenye magunia wanapiga kelele, na juu Zubeda kamnyoshea mkono: "Njo, ndugu yangu. Njo. Angalia mi, usiangalie maji." Massoudi akashika kamba ya ngazi. Kisha akageuka, akapenya katikati ya wapagazi, akakimbia, begi linampiga mgongoni. Tukampigia kelele arushe ufunguo, yeye aliyezoea kurusha vitu vya watu. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Ngazi ikavutwa.

Kuahirisha hatukuweza. Nyumba ya Ujiji ilishauzwa, na mwenye kuinunua alishaanza kuingiza makabati yake.

Kigoma, Bi Miza aliletwa gatini akiwa amelazwa kwenye godoro juu ya mkokoteni, watoto wa kaka yake wakisukuma haraka haraka, kama wana jambo jingine la kuwahi. Alikuwa kavaa baibui safi, na nusu ya uso wake ilikuwa inatabasamu. "Massoudi iko wapi, nimushukuru?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Iko ndani, Mama," Zubeda akajibu. Hakuwa na moyo wa kusema jingine.

Nahodha ni mtu mwema. Alikuja akatikisa mlango wa kabini mbele yetu. "Mama Adil, mi niko na funguo ya machine, ya choo, ya stock," akamnong'oneza. "Ya cabine ni moja, na bureau imeipatia mwenye carte. Nikivunja mulango, kesho mi siko na kazi." Kwenye mlango wamepigilia kibati cha rangi ya dhahabu chenye jina la Massoudi. Pazia lilikuwa limeacha upenyo, nikachungulia. Kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa likanyooka, mito miwili minene, na juu ya mto mmoja chokoleti waliyoiweka tangu siku ya sherehe. Ile chokoleti ndiyo iliyonimaliza. Kuna mtu aliyelipwa kukumbuka chokoleti.

Sitaha ya nyuma ilijaa magunia ya mchele, kwa hiyo tulitandika mkeka na godoro kwenye ujia, mbele ya mlango ule ule wa kabini, angalau ukuta wake ukinge upepo. Magharibi ilipokaribia mvua ikaanza, mvua ya ubavu, ile ambayo paa halina msaada nayo. Tukasimama mstari tumeshika karatasi la nailoni, Zubeda kapiga magoti kumfunika mama yake kwa kanga, zikalowa, akaweka nyingine, zikalowa. Mkono wa Bi Miza uliokufa ulikuwa unateleza kila mara na kuangukia kwenye maji yanayopita ujiani, na kila mara Zubeda akauokota, akaufuta, akaurudisha kifuani.

Bi Miza akageuza macho kwenye mlango. "Massoudi ndiye analala umu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie afungue kidogo. Ni mutoto ya kwetu, hawezi kukataa."

Zubeda akanitazama. Miaka yote ile sijawahi kumwona akikosa la kufanya. Kisha akainuka, mama yake akimtazama, akagonga mlango wa chumba kile kitupu. Akagonga kwa kiganja. Akagonga kwa ngumi. "Massoudi!" akaita, na watu wakageuka mpaka wa mbele ya meli. "Massoudi, fungua!" Na sisi tukaachia nailoni, tukagonga naye, kwa mikono, kwa ndala, kwa vifuniko vya sufuria, tukilia kwa hasira, mpaka nahodha akatoka, akatuona, akarudi ndani.

Bi Miza akainua mkono wake mzima, akamshika bintiye upindo wa kanga.

"Acha, mwanangu," akasema. "Muache alale. Atakuwa amechoka na safari."